Ndoo Upesi

Wazazi huniletea watoto wao wakaniuliza, "Mwalimu, nifanyeje huyu apende kusoma?" Jibu ninalo tangu nina miaka saba: mpe kidogo kila siku, kidogo hasa, umwache na hamu ya kesho. Hushukuru wakaenda zao. Mimi hubaki nimekaa kitako. Jibu lile lilikuwa la babangu, na sijamwambia mzazi hata mmoja lilitufikisha wapi.

Tulikaa Magogoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mimi na mama, wakati wa vita. Baba alikuwa mpishi katika kambi ya askari huko Voi. Kabla hajaondoka alinitia katika shule ya misheni, maana huku bara kwetu hapakuwa na nyingine ya kumfunza mtoto wa kike herufi. Majirani walisema weee! "Utamfanya mtoto kafiri." Baba akawajibu kwamba alifu nilishaisoma katika chuo cha Kurani, na a-e-i-o-u hazijamtoa mtu katika dini. Wakanyamaza mbele yake, wakaendelea nyuma yake, kama ilivyo kawaida yao.

Huko Voi akabuni jambo lake. Kila Alhamisi jirani yetu aliyefanya kazi katika gari la moshi alituletea barua, aliyokabidhiwa na karani wa steshini ya huko. Barua ilikuwa yangu, si ya mama. Ilikuwa na mistari saba, imeandikwa kwa herufi kubwa zilizotengana, na amri ilikuwa moja: mstari mmoja kwa siku, usizidi. Mama alisimamia amri hiyo kama askari. Baada ya sala ya alasiri alitandika mkeka uani, akaweka kashata moja ya nazi juu ya kawa, akaifunua barua na kuifunika kwa kiganja, ukabaki mstari wa siku ile tu.

"Leo nyani ameniibia mwiko." Hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya siku moja! Nilicheka mpaka nikapaliwa na kashata, kisha nikamwomba mama anionyeshe wa pili. Wapi! Nilikwenda kulala nikiwaza kama mwiko umepatikana. Siku nyingine: "Wali umeungua, bwana mkubwa ameusifu." Siku nyingine: "Nikirudi, njoo unipokee darajani." Kwa njia hiyo nilipenda kusoma, na nilipenda vibaya, kwa uroho.

Mama mwenyewe alihitimu Kurani, lakini barua hakujua, iwe ya herufi za Kiarabu au za Kizungu. Wasichana wa wakati wake hawakufunzwa hayo, ati wataandikiana na wanaume. Basi yote aliyoandika baba, mama aliyapata kinywani mwangu. Sikuona uzito wake. Niliona raha tu, kwamba mtu mzima ananingoja mimi.

Shuleni nako nilikuwa na ugomvi wangu na mwalimu. Siku moja nilimwita mwenzangu uwanjani, "Ndoo hapa!" kama tunavyosema sote kwetu. Mwalimu alikuwa mtu wa kuja, Kiswahili chake cha kitabuni. Alinichapa rula ya vidole, akachora ndoo ubaoni, na mkono wake wa kushikia. "Hii ndiyo ndoo. Ndoo ni ya maji. Mtu huitwa njoo. Hicho mnachosema nyumbani hakiandikwi." Darasa zima likanicheka. Nilirudi nyumbani vidole vinawaka, nimeapa kwamba sitakosea tena neno lile maisha yangu yote.

Kisha ikaja barua ya mistari mitano.

"Baba amenipunja!" nilisema. Nilikuwa nimekasirika kweli, maana siku mbili zangu zimeliwa. Mama alichukua karatasi akaipitisha kidole polepole, mstari kwa mstari.

"Mkono wa babako umelegea," akasema.

"Na wewe hujui kusoma, mama!"

Nilifinywa finyo ambalo nalikumbuka hadi leo. Lakini amri yake aliivunja siku ile ile, akaniambia nisome yote. Mstari wa nne ulisema, "Nina homa kidogo, itapita." Wiki nzima mama alikuwa akikuna nazi, mara akasema peke yake, "Homa kidogo." Akifagia, "Homa kidogo." Nilitamani anyamaze.

Alhamisi iliyofuata ilikuja mistari mitatu. Kwamba mvua imenyesha. Kwamba sasa anapika mwenzake. Kwamba nisome kila siku. Herufi zilikuwa zimeanza kupanda na kushuka, na hapakuwa na nyani wala wali. Mama alimuuliza jirani wa gari la moshi kama amemwona mumewe kwa macho. Hakumwona. Yeye hupewa karatasi dirishani, gari linaondoka.

Nyingine ikaja na mstari mmoja. Mama hakutandika mkeka. Alisimama mlangoni, kashata hakuna, akasema, "Soma."

Nikasoma kwa sauti ya darasani, kifua mbele: "Mwambie mamako ndoo upesi."

Hapa lazima nieleze, na wenyeji wa Mombasa watanielewa kabla sijamaliza. Kwetu ndoo ni mbili. Ya kuitana, ulimi huja mbele ukagusa meno. Ya maji, ulimi hurudi nyuma kidogo. Mdomoni hazikutani kamwe, na hakuna mtoto wa Mvita anayezichanganya. Karatasini ni neno moja. Mimi nililisoma la ulimi wa nyuma, la ubaoni, lenye mkono wa kushikia.

"Ndoo?" mama akauliza. "Ndoo ya maji?"

"Naam. Ya maji."

"Kambi nzima haina hata debe? Mtu wa homa yuwataka ndoo ya nini?"

"Labda ya kuogea."

"Hebu soma tena."

Nikasoma tena, vile vile. Mama alinitazama usoni. Aliuliza kama nina yakini, nikamwambia, "Wallahi, mama, ndivyo ilivyoandikwa." Na ndivyo ilivyoandikwa! Baba alijua kuandika njoo. Si aliniandikia nimpokee darajani? Kama angetaka kuita angeandika njoo. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu yangu, nami nikajiona hodari. Haikunipitikia kwamba mtu akizidiwa haiti kwa lugha ya shule. Huita kwa ile aliyonyonyea.

Siku zile ndoo haikupatikana kirahisi, chuma chote kilikwenda vitani. Mama alivuka daraja la Nyali kwa miguu akaenda mjini, akarudi mikono mitupu. Kesho yake akazunguka Kisauni yote. Siku ya tatu alitoa doti ya kanga ambayo hajaivaa, akapata ndoo kuukuu yenye kiraka. Aliisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaweka ndani ndimu na sukari guru, jirani akaondoka nayo. Mama alisimama njiani akiitazama hadi ilipopotea kwenye kona. Akaniambia, "Moyo wangu hautaki." Nami nikamwona ana wasiwasi wa bure.

Alhamisi iliyofuata jirani alikuja bila barua. Nikasoma kitabu cha shule, kashata ikaliwa, hakuna aliyecheka.

Baada ya siku chache tulikuwa uani baada ya alasiri, mimi nasoma, mama anapepeta mchele. Ungo ukasimama. Niliinua macho nikaiona ndoo kwanza, kiraka chake, kisha mtu aliyeishika. Alikuwa mpishi mwenzake baba, mtu wa Rabai. Ndani ya ndoo mlikuwa na kanzu iliyokunjwa, kofia, na makubadhi. Ndimu mbili bado zilikuwemo, zimekauka.

"Mama, pole," akasema. Alivua kofia yake, akakosa pa kuiweka.

Mama hakulia. Aliuliza kama alizikwa na Waislamu wenzake, akaambiwa ndiyo. Kisha akauliza habari ya ndoo. Yule bwana aliitua chini mbele ya mama.

"Kila gari la moshi likipiga honi alikuwa akiuliza, 'Mke wangu hajafika?' Ilipokuja ndoo nikaiweka karibu na kitanda. Aliitazama sana. Halafu akacheka, mama, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Mwanangu amesoma sawasawa.' Sikumwelewa."

Mama alimwelewa. Nilimwona midomo ikitikisika, akilitamka neno lile taratibu, ulimi kwenye meno. "Ndoo," alisema. "Ndoo upesi." Ndipo na mimi nikaelewa, na hicho nilichokielewa sijakiweka chini mpaka leo.

Kitabu changu nilikitia ndani ya ile ndoo, nikakifunika kwa gunia, nikaisukuma uvunguni. Niliapa kwamba sitasoma tena. Mama alikuwa ndani ya eda, hatoki, hasemi na mimi ila ya lazima, na akinitaka hunigusa bega badala ya kuniita kwa neno lile. Nilijua kwa nini. Nilitamani anipige.

Arobaini ya baba ilipokwisha, baada ya sala ya alasiri, nilisikia sauti ya mama uani.

"Ndoo!"

"Abee, mama."

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Kashata ilikuwa juu ya kawa. Kitabu kilikuwa wazi, na kiganja chake kimefunika ukurasa wote isipokuwa mstari mmoja. Nilisema siwezi. Nilisema nimemuua baba. Nililia kwa sauti, majirani wakasikia.

"Babako amesema umesoma sawasawa," akasema. "Mimi ndiye niliyeulizwa na moyo wangu nikanyamaza. Kaa. Mmoja tu."

Nikakaa. Nikaanza kwa sauti ya darasani, kama nilivyozoea, naye akanikatiza.

"Si hivyo," akasema mama. "Soma kwa ulimi wako."