Fungu la Baba Ndani ya Pipa

Juzi nilirudi Molo bila sababu ninayoweza kuieleza vizuri. Nilikuwa chumbani kwangu Nakuru, kitabu mkononi, nikiusoma ukurasa uleule bila kuelewa neno. Nikaamka, nikavaa koti, nikapanda basi. Nilipokaribia lile shamba tuliloishi zamani, mtu alikuwa akichoma matawi ya saiprasi aliyopunguza kwenye ua wake. Moshi ulinifikia kabla sijamwona mchomaji. Rafiki, kuna harufu ambazo hazikuulizi kama una nafasi.

Miaka ile ya hamsini shamba lilikuwa la mzungu, na sisi tulikuwa maskwota, vibarua wasio na ardhi, pembeni mwake, karibu kabisa na msitu. Ukungu wa Molo unaujua: unaamka asubuhi huoni hata zizi. Nilichota maji, nikamenya viazi vidogo walivyoacha wavunaji, huku uji wa wimbi ukitokota. Baba hakuwepo. Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, ilikuwa imepamba moto. Askari walimpakia kwenye lori pamoja na wanaume wengine, na hakuna aliyetuambia alipelekwa kambi gani. Mama aliacha kumtaja. Nyanya, aliyemzaa baba, alimtaja kila siku kana kwamba ameenda dukani.

Kisha maksai mmoja wa shamba akavunjika mguu akivuta mkokoteni, mzungu akaamuru achinjwe na wafanyakazi wagawane. Kwetu mbavu ni fungu la baba mwenye nyumba, wala haziliwi na mwingine. Nyanya akaenda kusimama mbele ya wachinjaji, akadai mbavu za mwanawe.

"Mama, si huyo hayupo?" mmoja akamcheka. "Au tuzibandike stempu?"

"Wewe kata. Akija atakula."

Wakampa, nadhani ili aondoke tu. Shida ikaanzia hapo, kwa sababu nyanya aliamini kwamba kula fungu la mtu aliye hai ni kusema amekufa. Mimi nilikuwa katika umri wa kuuliza. Nikauliza: na nyama ikioza, hiyo nayo si kusema amekufa? Nikazabwa kofi. Nimesoma mpaka chuo kikuu na bado sijapata jibu lingine.

Jirani yetu aliwahi kufanya kazi jikoni kwa mzungu, akaona nyama ya nguruwe ikikaushwa kwa moshi. Akasema chombo cha moshi kama kile tunaweza kukijenga bila kununua chochote ila chumvi. Tuliokota pipa la mafuta lililotupwa, tukalikata chini na juu, tukalichoma kwa moto mkali mpaka rangi ikabanduka na harufu ikaisha. Tukachimba mfereji mrefu kupanda kilima kidogo nyuma ya nyumba, tukaufunika kwa mabati mabovu na udongo. Moto ukawa chini, pipa likasimama juu. Mbavu, baada ya kulala kwenye chumvi, tulizitundika ndani kwa seng'enge, na juu yake tukatandaza gunia lenye maji.

"Kwa nini tusizitundike tu juu ya meko?" nikauliza.

"Jikoni moshi una joto bado," jirani akasema. "Nyama inaiva nje, ndani inaoza. Moshi lazima utembee mpaka uchoke."

Nyanya alitaka kuni za mutamaiyo, ule mzeituni wa porini aliofukizia vibuyu vya maziwa. Lakini msitu ulikuwa umepigwa marufuku kwa sababu ya wapiganaji waliojificha humo. Kuonekana ukingoni mwake na panga kulikuwa kutafuta risasi. Jirani akasema moshi ni moshi. Tukachukua matawi ya ua wa saiprasi, kazi ya kuyachochea ikawa yangu. Nilinuka hivi kwamba mwalimu alinihamishia dirishani, tena akalifungua dirisha.

Mchana mmoja nyapara wa shamba akaja na hombodi wawili, wale walinzi wa serikali, wenye mikuki. Nyama inayokaushwa karibu na msitu, wakati ule, ilikuwa na maana moja tu.

"Mnawalisha watu wa msituni," nyapara akasema.

"Ni fungu la mwanangu," nyanya akajibu.

"Mwanao yuko kizuizini."

"Basi hajafa."

Nyapara akatoa mbavu kwenye pipa, akazitupa juu ya gunia. "Kama si za msituni, zileni sasa hivi nikiona."

Mama alishika kisu. Angekata, na simlaumu; hombodi mmoja alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu. Nyanya akamnyang'anya kile kisu, akamnyooshea nyapara mpini.

"Kula wewe, kijana. Anayekula fungu la mwanangu ndiye mwanangu. Kesho uje unipasulie kuni. Paa linavuja. Na siku nikifa, utanizika wewe."

Hombodi mmoja akaangua kicheko. Nyapara hakucheka. Alikuwa mtu wa kwetu, mila hiyo aliijua. Akalipiga pipa teke likabonyea, akaamuru tuzime moto, wakaondoka. Mbavu zilikuwa zimekauka vya kutosha. Nyanya akazihamishia juu ya meko.

Masika yakaja, yakapita. Baba akaja kwa miguu kutoka stesheni, amekonda hata nikamwamkia kama mgeni. Nyanya hakulia. Alipanda kigoda akazishusha mbavu, ngumu kama ubao. Baba akauma, akaacha. Meno ya mbele hayakuwepo. Nyanya akachukua kinu, akaitwanga ile nyama mpaka ikawa unga, akamtilia kwenye mchuzi wa viazi. Baba akala bakuli zima, nyanya akilitazama koo lake.

Miaka baadaye, nikiwa likizo ya chuo, nilimuuliza baba ilikuwa na ladha gani.

"Chungu kama dawa ya minyoo. Ile saiprasi yenu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Yule mama?"

Sasa mzungu ameuza, shamba limekatwa vipande, na pale kilimani mtu amepanda vitunguu. Pipa sikuliona. Nyanya amelala upande wa pili wa barabara, na aliyemzika ni baba. Siamini kwamba mbavu zilimrudisha. Najua nyumba zilizomsubiri mtu kwa moyo uleule na hakurudi. Nilimweleza hivyo yule mchoma matawi, naye akaniangalia kama mtu aliyepotea njia.

Lakini nikiwa nimesimama pale ndani ya moshi nilikumbuka jambo moja. Baba alipoliweka chini bakuli tupu, nyanya aliinamisha kinu, akakomba masalio kwa kidole, akalamba. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye hakuwa amekunja uso hata mara moja, akamwuliza kama ameshiba.

"Nimeshiba, mama," baba akasema.

Nyanya akakiosha kinu, akakirudisha mahali pake.