Nilificha majina yote kwenye repo, Mama akawataja mmoja mmoja

Onga mshi wakuu, na msio Washambaa, habari za mchana.

Hiki kisa nisipokileta humu kitaniwasha. Ni changu mwenyewe, sijasimuliwa. Msiojua kompyuta msikimbie, nitawashika mkono.

Mimi ni mtengeneza programu, naishi Lushoto. Najua mnachowaza, huko si kwenye kabichi na baridi tu? Kabichi zipo, baridi ipo, na intaneti ipo mvua ikiamua.

Mimi na mwenzangu Rashidi, yeye yuko Muheza, tulitengeneza mfumo kwa kikundi cha wakulima wadogo wa chai. Mkulima mwenye malalamiko anatuma meseji, viongozi wanaisoma bila kuona jina.

Maandishi ya programu yetu yalikaa kwenye repo, yaani ghala linalotunza kila badiliko: nani kabadilisha nini, lini. Humo tuliweka na meseji za kweli za wakulima, za kupimia mfumo.

Basi, mkutano wa kuonyesha kazi kwa wakulima umekaribia, kila nikiunganisha kazi yangu na ya Rashidi, ile programu ya kuendesha repo inazima. Pu!

Nikaandika kwenye jukwaa la watengenezaji wake. Wakajibu kwa adabu: kwetu hiyo bug, yaani hitilafu, haitokei, tuma repo tuione.

Hapo jasho likanitoka. Jukwaa lao liko wazi, dunia nzima inasoma. Na meseji mojawapo ilimlalamikia karani wa mizani kwenye kituo cha kupokelea majani ya chai. Karani akimjua aliyesema, huyo mtu kwisha habari yake, majani yake yatakuwa mabovu mpaka Yesu arudi.

Rashidi akaniambia, "Wewe nawe! Nani huko Ulaya anamjua mkulima wa huku?"

Nikamkumbusha mtoto wa karani anasoma IT Dar. Wakuu, watu wa milimani tumetapakaa.

Nikafuta majina yote, nikaweka Mkulima A, Mkulima B, hadi mwisho. Nikajiona fundi kweli. Mama alikuwa amekuja kunitembelea, nikamwita ajaribu kama atamtambua mtu. Mama anafundisha kwaya usharikani, na kijijini kwetu, wanakotoka hao wakulima, hakuna asiyemjua.

Akavaa miwani.

"Huyu A si mama Tito? Nani mwingine ng'ombe wake anashinda kwenye chai ya jirani? Na B ni mzee Hoza, meseji yenyewe imeanza na Bwana asifiwe mara tatu."

Anacheka mpaka machozi. Mimi nacheka naye.

Akafika ile ya karani: "Tangu mume wangu avunjike mguu nabeba makapu peke yangu. Nikichelewa karani anasema majani yamelala, anayakataa."

Mama akaacha kucheka.

"Huyu ni shangazi yako."

Nikamwambia haiwezekani, shangazi ana mtu wa kumbebea.

"Ndivyo alivyotuambia," Mama akasema. "Usikitume hicho kitu mwanangu. Watamkomesha."

Wakuu, niliumia. Meseji ile nilishaisoma mara nyingi mno nikipima mfumo, na sikumwona shangazi yangu ndani yake.

Kumbe ile programu ina amri yake ya kazi hiyo. Ukiiendesha inakutolea nakala ya repo ambayo umbo la historia limebaki vilevile, lakini majina, mafaili, maelezo na yaliyomo vyote vimebadilishwa. Mtu anakuwa User 3, faili linakuwa path 12. Tarehe ndizo zinabaki, hilo mlijue.

Wasiwasi wangu ukawa mmoja. Ukisafisha sana unaweza kuondoa na ugonjwa wenyewe, wataalamu wakakosa cha kutibu. Nikajaribu kuunganisha kwenye ile nakala. Pu! Ikazima. Sijawahi kushangilia programu ikizima kama siku ile.

Nikamrudishia Mama. Akakodoa macho weee, kisha akasema, "Hawa siwajui. Hata ukoo hawana."

Nikatuma. Jamaa wakaipata bug, wakanielekeza namna ya kuikwepa wakati wanairekebisha, na mkutano tukauwahi. Karani alikaa mbele akipiga makofi. Shangazi alikuwa mstari wa pili, nyuma yake kabisa.

Nilichojifunza ni kwamba jina ni sehemu ndogo ya mtu. Huku kwetu ukitaja mguu uliovunjika umeshataja nyumba. Ukitaka kutoa repo yenye habari za watu usifiche kwa mkono, tumia amri, hakikisha bug bado ipo, halafu mpe mbea wa familia akague.

Mama siku hizi anaamka mapema, anapanda kwa wifi yake, wanabeba makapu wawili. Shangazi akiuliza kulikoni, anajibiwa kwamba daktari kasema Mama afanye mazoezi.

Haya, mliowahi kunusurika kumwaga siri za watu mtandaoni mje mtoe ushuhuda, na wajuzi mnikosoe.

Ila wale wapelelezi wa humu mlioanza kuuliza ni kituo gani: kituo si hicho mnachofikiria, mguu huenda ulikuwa mkono, na shangazi yawezekana kabisa ni mjomba.