Bawa Linalopiga Kelele

Kazi yangu huko ughaibuni ilikuwa kusikiliza bawa la ndege. Msicheke. Tulichukua hewa kutoka kwenye injini, tukaipuliza kwa nguvu kupitia mwanya mwembamba juu ya bawa, ili ndege ibaki angani hata ikienda polepole, na itue kwenye kiwanja kifupi. Ndege ilikubali. Tatizo ni ile hewa: ikifika ukingoni mwa bawa inatoa mlio wa kuudhi, nusu mluzi, nusu ngurumo. Mimi ndiye niliyetakiwa kuunyamazisha, nikashindwa. Mwezi uliopita wakubwa wakaifuta kazi yote. Wanaoishi karibu na viwanja hawatavumilia kelele hizo, basi.

Nikaja nyumbani kumwambia baba. Tangu Musoma nilikuwa napanga maneno kichwani. Basi linapita Kiabakari, yote yameshaniruka.

Nilimkuta Nyamuswa kwenye shamba letu la pamba, jembe mkononi, anang'oa visiki. Pamba yenyewe hakuna. Ardhi imesawazishwa kuanzia barabarani mpaka kwenye zizi la ng'ombe.

"Nimekutengenezea kiwanja," akasema, jasho linamtiririka. "Si ulisema inatakaga pafupi tu?"

Jamani, mzee wangu! Nilimwambia hivyo kwenye simu, najisifu tu kama mtoto.

Nikaanzia mbali. Nikamwambia shida ni kelele, nikatoa kispika nilichobeba, nikamwekea mlio wenyewe. Mbuzi wakatimka. Jirani akapiga ukelele kutoka kwake, anauliza tumeingiliwa na nini.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, baba. Na hapo nimeshaipunguza."

Akacheka, cheko la hasira.

"Sasa hii nayo ni kelele? Mama yako alipokuwa anavuja damu baada ya kujifungua, mvua imekata barabara, tulitega masikio kutwa nzima. Hata pikipiki haikulia. Kila saa ananiuliza, 'Umesikia kitu?' Namwambia, 'Bado kidogo.' Bado kidogo, bado kidogo, mpaka akaacha kuuliza." Akatema mate pembeni. "Iache ipige kelele. Ipige mpaka sufuria zianguke."

Nilikuwa mdogo, lakini siku ile naikumbuka. Nilikaa mlangoni na mimi nikisikiliza, na kitu pekee kilichokuwa kinasikika ni maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati. Niliwachukia wale watu wa mbali na usingizi wao, nikajichukia na mimi niliyekula mshahara wa kuwabembeleza.

Baba akajifuta uso kwa shati. Akaangalia juu upande wa Bunda, kama mtu anayengoja mgeni.

"Haya, inakuja lini?"

Maneno niliyoyasafirisha njia yote yalikuwa mawili tu: wameifuta kazi. Nikafungua mdomo.

"Bado kidogo, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akakiinamia kisiki kilichobaki.