Mkoa Usio na Mgonjwa

Shemeji yangu Tsvyatko Rahnev ni mtu safi. Anapiga pasi hata leso. Akifika ofisini anavua viatu anavaa ndara za sufi, na katika miaka thelathini na moja ya kazi hajawahi kuchelewa wala kufikiri. Dada yangu Stamena alimpendea mwandiko. Tsvyatko alikuwa jeshini, akimwandikia barua kila wiki, na sisi nyumbani tulipokezana kuzitazama tu, maana kuzisoma hakukuwa na faida. Zilieleza hali ya hewa.

Mwandiko huo ndio uliompatia kazi kwenye ofisi ya daftari la saratani la mkoa wetu, hapa kando ya mto Danube. Anapokea karatasi za madaktari, anaandika kila mgonjwa na saratani yake, na mwisho wa mwaka anapeleka hesabu mji mkuu, Sofia, zikaingizwe kwenye kitabu cha taifa zima. Ndani ya kitabu hicho kuna mstari mmoja ambao aliupenda kuliko wanawe: saratani ya limfu inayoanzia kwenye ngozi. Mikoa mingine iliandikisha wagonjwa saba, kumi na wawili, mpaka ishirini. Wetu uliandikisha sifuri. Kwenye harusi, akishamaliza glasi ya pili ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, aliwaeleza watu ambao hawakumwuliza kwamba upepo wa mto ndio unaosafisha ngozi zetu. Mkoa jirani ulipoandikisha kumi na mmoja, aliwaita walevi wasiooga.

Sasa niseme sifuri hiyo ilipikwaje. Kwetu mgonjwa wa saratani haambiwi. Daktari humwita ndugu wa mgonjwa koridoni, akamnong'oneza jina la ugonjwa, akapokea boksi la chokoleti, na mgonjwa akarudi nyumbani akiamini anaumwa kitu kingine. Lakini karatasi zake anazibeba mwenyewe kwenye mfuko wa nailoni, na kusoma anajua. Basi na karatasi nayo inabidi idanganye. Saratani ya tumbo ni ngumu kuificha, kuna kupasuliwa. Hii ya ngozi inafichika kirahisi, kwa sababu kwa miaka mingi ni mabaka mekundu yanayowasha na hayamlazi mtu kitandani. Daktari anaandika pumu ya ngozi, anatoa dawa ya kupaka, yamekwisha. Nakala ya karatasi hiyohiyo inakwenda kwa Tsvyatko, naye anaitia kabatini, kwa kuwa pumu ya ngozi haihusiki na daftari lake.

Alijua. Alijua kabisa, na uongo huo akauita ustaarabu.

Stamena alianza kuwashwa kiunoni mwaka aliostaafu kiwanda cha nguo. Alipaka dawa miaka miwili bila nafuu, hadi Daktari Bozhkova alipomkata kipande cha ngozi kikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka, daktari akamwita Tsvyatko koridoni, akamtajia ugonjwa wenyewe, akamwuliza aandikeje. Shemeji yangu hakuuliza kama mkewe atapona. Alisema, "Andika kama unavyowaandikia wengine." Halafu akatoa chokoleti. Alikuwa amekuja nazo.

Hayo nimeyajua baada ya miaka mitatu. Mimi nauza kwenye duka la dawa karibu na soko, na dawa ya dada yangu nilikuwa namfungia mwenyewe, kama mjinga. Nilichoanza kukiona ni kwamba hakuwa peke yake. Kulikuwa na watu tisa wanaokuja kila mwezi na pumu ileile ya ngozi, dawa ileile, na hakuna aliyepona. Siku moja Daktari Bozhkova alipoingia kununua vidonge vya mgongo, nikamwuliza ni pumu gani hiyo. Akashangaa. Alidhani shemeji alishaniambia.

Aliniambia yote pale kaunta, kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. Wanaougua upya kwa mwaka ni wachache, alisema, lakini ugonjwa wenyewe hauui haraka, kwa hiyo wanaoishi nao wanazidi kuongezeka, na kwa makadirio yake mkoa wetu peke yake unao thelathini. Ukiwahiwa ungali kwenye ngozi, tiba ya mwanga inautuliza kwa miaka mingi. Mashine iko Sofia, lakini haimpokei mtu mwenye karatasi ya pumu. Hapa kwetu haitaletwa, maana nani atapeleka mashine kwenye mkoa usio na mgonjwa? Ukiachwa, unashuka kwenye tezi, na hapo mwanga hauna kazi. Nikamwuliza tezi za Stamena zikoje.

"Mwezi uliopita zilikuwa bado salama," akasema. Akasema karatasi yuko tayari kuibadilisha, akachukua vidonge vyake akaondoka.

Jumapili nikaenda kwao kula. Stamena alikuwa bustanini aking'oa vitunguu, na Tsvyatko jikoni akimenya pilipili za kuchoma, amefunga aproni iliyopigwa pasi. Sikusubiri kuketi.

"Shemeji, dada yangu utamficha mpaka lini?"

"Punguza sauti, Rumena. Akijua atakufa kwa hofu."

"Na asipojua atakufa kwa nini, kwa raha?"

Akaosha mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja. Alianza kulaumu ulimi wa daktari, kisha akanifundisha adabu za kuuguza, kwamba mtu mwenye utu hamtwishi mwenzake jambo zito. Nikamwambia daktari yuko tayari kubadilisha karatasi kesho asubuhi, na Stamena akaende Sofia wiki hiyohiyo. Ndipo yakamtoka ya moyoni.

"Nikimwandika yeye," alisema, "watauliza miaka yote hii wengine walikuwa wapi."

Nimeishi na mwanamume huyu kama ndugu kwa miaka thelathini na minne, nimekula mezani kwake sikukuu zote, na siku hiyo nilimwona mdogo kuliko pilipili alizokuwa akimenya. Nilimwacha amenye. Nilikwenda bustanini nikamwambia dada yangu kila kitu, pale pale kwenye matope, kwa kuwa sijui kunong'ona.

Stamena alisikiliza akiwa ameshika kitunguu. Hakuuliza atakufa lini. Aliuliza, "Yeye amejua tangu lini?" Nikamwambia. Akakung'uta udongo, akaingia ndani, akanawa, akala chakula chote na kuzisifu pilipili. Tsvyatko aliniangalia kwa ushindi, mpumbavu yule, akidhani nimenywea.

Jumatatu tulipitia kwa Daktari Bozhkova. Akaandika karatasi mpya yenye jina la ugonjwa waziwazi, akapiga muhuri, akaongeza na barua ya kumpeleka Sofia. Aliangalia mlango tena. Sikumhurumia, na yeye amekula chokoleti za kutosha. Kutoka hapo tulikwenda ofisi ya daftari. Stamena hakupanda ghorofa ya pili kumsubiri mumewe kwenye meza yake, kama anavyofanya siku zote akimpelekea chakula. Alipanga foleni chini, kwenye dirisha ambalo Tsvyatko hupokelea karatasi kila asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, nyuma ya karani wa hospitali mwenye bahasha mbili.

Zamu yake ilipofika alisukuma karatasi chini ya kioo. Tsvyatko akaisoma. Akaniangalia mimi, akaangalia mlango, akamwomba kwa sauti ya chini warudi nyumbani wakazungumze.

"Andika," dada yangu akasema. "Nimefuata foleni."

Tsvyatko akafungua daftari kwenye ukurasa ambao ulikuwa mweupe tangu lichapwe, akaandika namba moja. Jina hakuuliza. Tarehe ya kuzaliwa anaijua. Alipofika kwenye mahali anapoishi mgonjwa, kalamu ikasimama, na mtu yule, ambaye hajawahi kuruka mstari wa fomu maishani mwake, akamwuliza mkewe anakaa wapi.

"Kwa mume wangu," Stamena akasema. "Kwa sasa."