Kona Aliyoiuza Mdogo Wangu

Glavu zile nilizitoa chini kabisa ya belo la mitumba, Sigowet, siku ya soko. Za golikipa, nene, hazina hata tobo. Mitumba haikupi kitu kizima bila sababu, kwa hiyo nilizigeuza mara mbili nikitafuta kasoro. Sikuona. Mteja mmoja akazing'ang'ania, nami kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara nikamwambia mtu mwenye pesa mkononi kwamba haziuzwi.

Nilikuwa nimemwekea mdogo wangu. Alikuwa golikipa wa mpira wa mikono, na Jumamosi hiyo kocha kutoka Nairobi alikuwa anakuja Kabianga kuchagua kipa. Mmoja tu. Ukichaguliwa, klabu inakuajiri, unalipwa kucheza. Usipochaguliwa, kuna majani chai. Mama yetu alitoka upande wa ziwa kuja kuyachuma kabla hatujazaliwa, na sasa mashine zilikuwa zimeingia shambani, kwa hiyo hata hayo majani hakuna aliyekuahidi.

Jumamosi nilimkuta mdogo wangu pembeni ya uwanja nikamkabidhi glavu kama mtu anayepeleka mahari. Akaziangalia, akaniangalia.

"Dada, hizi ni za futiboli."

"Kwani wewe si golikipa?"

"Sisi tunatumia mikono mitupu."

"Na vidole?"

"Vidole ni vyangu. Shika hizo, uniombee."

Nikakaa nyuma ya goli, glavu mapajani. Shuleni nilikuwa nimemwona akicheza, lakini kwa mbali, macho yangu yakiwa kwa wanunuzi wa karanga zangu. Sasa kati yetu kulikuwa na wavu tu. Sikuwa najua mpira ule unakuja hivyo. Mtu mzima anakimbia, anaruka, anakuwa hewani mbele ya uso wako, anakurushia kwa nguvu zake zote, na kazi yako ni kutokwepa. Mwili wowote wenye akili ungejikunja. Mdogo wangu alifunguka kama mwavuli, mikono juu, mguu ukipanda mpaka usawa wa bega. Mpira ukampiga paja. Mwingine kifua, ukalia kama gunia linaloangushwa. Akajipangusa.

"Leta!"

Shida ni kwamba msichana mwingine, mrefu, wa kutoka Mulot, naye alikuwa anazuia. Kocha akawapa penalti moja moja, mrushaji akiwa mchezaji wa klabu yenyewe. Wa Mulot aliugusa kwa ncha za vidole, ukaingia. Ilikuwa zamu ya mdogo wangu.

"Ukiuachia nitachukua mrefu," kocha akamwambia waziwazi. "Urefu siwezi kufundisha."

Hapo nikamwona akifanya kitu nilichodhani ni changu. Mimi nikitaka mteja achukue sweta fulani, simsukumii. Naliweka kando, nageuza uso, namwacha alione mwenyewe. Mdogo wangu alisogea kidogo kulia, akaulegeza mkono wa kushoto kama umechoka. Kona ya kushoto ikabaki wazi, kubwa kama mlango wa kanisa. Mrushaji akaiona. Nilimwona akiiona.

Akarusha. Ule mkono uliochoka ulikuwa umeshafika. Mpira ukapaa juu ya goli, juu ya kichwa changu, ukatua kwenye chai ng'ambo ya ua.

Mimi huuza kitu kilichopo, na bado watu hunikatalia. Yeye aliuza nafasi ambayo haikuwepo, kwa mtu anayelipwa kutodanganyika, na muda wa kubishana haukuwepo.

"Ulijuaje ataenda kushoto?" kocha akauliza.

"Nilimpa kushoto."

"Jumatatu, kuja na nguo zako."

Wa Mulot akamvuta shingoni, akamkumbatia, macho yamejaa machozi. "Mwizi wewe," akamwambia, na wote wawili wakacheka.

Nilimshika mdogo wangu mikono. Ilikuwa imeanza kuvimba. Nikahesabu vidole, nikarudia.

"Viko vyote?"

"Kwa leo."

Glavu niliziuza siku ya soko iliyofuata, kwa bei ya kwanza niliyotajiwa. Mnunuzi akanitazama akidhani naumwa.

Ni miaka sasa anaishi kwa kusimama mbele ya mipira ambayo watu wengine wangeikimbia. Akija nyumbani Krismasi, kabla sijamimina chai namwambia alete mikono. Kidole kimoja kimepinda na hakitanyooka tena. Nahesabu mara mbili, naye ananingoja, viganja juu, hapepesi macho.