Uzi wa Gauni la Idi

Juzi tulimaliza hitima ya mama mdogo, nyumbani kwake Mlandege. Wanawake walipokuwa wakisugua masufuria uani, niliingia ndani kumtazama mumewe. Baba mdogo alikuwa amekaa kitandani, na gauni la rangi ya samli mapajani. Rafiki yangu, gauni lile nililijua, na nilikuwa na dhambi nalo tangu utotoni.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa na umri wa kama miaka minane, nikilelewa na bibi hapa hapa Iringa. Asubuhi za baridi tulizunguka jiko la mkaa, tukila viazi vya kuchemsha kwa chai ya tangawizi. Mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi, alikuwa mwali. Hakutoka ovyo, na kupimwa na fundi wa kiume lilikuwa jambo lisilosemeka. Kipimo chake kilikwenda kwa uzi: bibi alimsimamisha, akaunyoosha uzi kutoka begani, akafunga fundo moja kiunoni na jingine mahali pa pindo.

Fundi alikuwa kijana wa Mafinga, mwenye cherehani barazani karibu na soko, na mdomo pia. Siku moja mama mdogo alipita amejitanda khanga, akamsikia akiwaambia wenzake, "Huyu akitaka gauni, duka zima litaishiwa kitambaa." Kweli alikuwa mrefu. Hakumsamehe.

Lakini Idi ilikaribia, na siku hiyo wangekuja wanawake wa ukoo wa mfanyabiashara mmoja wa Mbeya, aliyekwisha kuleta posa, wamtazame binti. Bibi akasema fundi hupimwa kwa mshono, si kwa mdomo. Nikatumwa na kitambaa na uzi.

Njiani nikautumia ule uzi kumfunga mgongoni mwanasesere wangu wa gunzi la hindi. Fundo la pindo likafunguka. Nikalifunga tena pale nilipodhani, nikanyamaza.

Gauni liliporudi lilimwishia mama mdogo kwenye muundi wa mguu, badala ya kifundoni.

"Kitambaa kimemwishia, eti!" alifoka. "Mama, mwite aje aone alichofanya!"

Fundi akaja, akakaa kwenye kigoda barazani.

"Kamwene, bibi," akasalimia kwa Kihehe. "Nimeshona kama uzi ulivyosema."

"Uzi ndio mfupi, au akili yako?" mama mdogo alimrushia kutoka nyuma ya pazia.

"Akili ninayo, dada. Ulimi ndio ulinizidi siku ile. Nisamehe."

Nikamwona mama mdogo akicheka, amejiziba mdomo kwa khanga.

Fundi akalichukua gauni. Akalirudisha mabega yamelegea, akalichukua tena. Kila alipokuja, mazungumzo ya pazia yalirefuka. Idi ikafika, gauni bado liko kwake. Mama mdogo akakataa katakata kutokea mbele ya wageni bila gauni jipya. Wakanywa chai, wakaondoka wakisema binti ana maringo. Posa ikafa. Bibi alilia, nami nilijua aliyeiua. Baadaye mshenga wa fundi akabisha hodi, na bibi akakubali shingo upande.

Waliishi kwa cherehani maisha yao yote. Kila mwaka wa shida nilijiuliza mama mdogo angekuwa anakula nini huko Mbeya. Nilijiahidi kumwambia. Sikumwambia.

Basi juzi nikamwambia mumewe: mimi ndiye niliyehamisha fundo.

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mtu niliyesema atamaliza kitambaa cha duka, ningeshindwa kuona kuwa uzi umepungua shubiri?" Akaligeuza gauni. Mstari wa mkunjo wa kwanza bado ulionekana, shubiri moja juu ya pindo. "Kitambaa chote nilikikunja humu ndani. Kulishusha ilikuwa kazi ya kikombe kimoja cha chai. Nilitaka kuitwa."

"Na yeye alijua?"

"Yeye ndiye aliyeninong'oneza nisilimalize kabla ya Idi."

Nikalia upya, kilio chepesi. Baraza la fundi sasa ni duka la nguo zilizoshonwa tayari, na hakuna tena mtoto anayetumwa na uzi. Gauni amenipa mimi. Nitalifua na kulipiga pasi, ila ule mstari nitauacha.