Jezi Zilizobaki Guangzhou

Timu ya mtaa wetu iliposhuka daraja, kocha mpya aliwaacha karibu wachezaji wote wakongwe, akabaki na vijana ambao hata majirani zao hawakujua kama wanacheza mpira. Aliwaambia wanachama waziwazi: "Msinidai kombe. Naijenga timu upya, na itachukua miaka."

Siku hiyo nilikuwa Dar es Salaam kwa mapumziko, nimekaa mstari wa mbele. Nilipiga makofi kuliko wote. Ni rahisi kuahidi uvumilivu ukiwa na tiketi ya ndege mfukoni.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeishi Lusaka, nimeishi Dubai, na sasa Guangzhou, ambako nanunua jinzi za Xintang na kuzipeleka nyumbani. Kila nilikokwenda, vyumba nilibadilisha, lakini timu ilikuwa ileile. Angalau ndivyo nilivyopenda kusema.

Msimu wa kwanza wa ujenzi walifungwa mpaka nikawa nafungua simu kwa jicho moja. Mzanzibari mwenye ofisi jirani na yangu katika jengo la Tianxiu alinipa jina.

"Mkandarasi! Jengo limefika wapi?"

"Bado tuko kwenye msingi, sheikh wangu."

Msimu wa pili akaniambia, "Huo msingi wenu umeshaota majani, mkandarasi. Fugeni mbuzi." Nikacheka naye. Msimu wa tatu alileta wageni kutoka Mombasa, akawaambia mimi ndiye shabiki wa ile timu ya watoto. Sikumngoja amalize.

"Mimi? Timu ile niliiacha zamani."

Nilisema hivyo huku nimewaahidi vijana wa timu jezi. Katibu wa timu, ambaye tulikaa naye dawati moja sekondari, alikuwa ameniomba niwashonee. Nilizishona kweli: kijani, mstari mweupe begani, zikafungwa marobota matatu. Zilikuwa ziende katika kontena langu.

Sisi wa huku tuna desturi yetu ya kupakia. Maboksi yenye vipimo huingia kwanza. Vitu laini vya watu, kama mashuka, sare na zawadi za harusi, havipangiwi nafasi. Vinashindiliwa mwishoni kwenye mapengo na karibu na mlango. Kila mtu hubebewa hivyo, na kila mtu humbebea mwenzake. Lakini siku ile nilikuwa nimeongeza oda ya jinzi dakika za mwisho. Mapengo yote yalijaa. Dereva wa kwenda bandarini Huangpu alikuwa anapiga honi, na chini palibaki marobota sita: matatu ya jinzi zangu, matatu ya jezi. Yaliyoweza kuingia yalikuwa matatu tu.

Mzee wa Kichina anayepakia pale godauni alinitazama, akaelekeza kidole huku, kisha kule. Yapi, bosi?

Nikaonyesha jinzi.

Nilijiambia jezi zitaondoka na kontena linalofuata. Kontena linalofuata nalo lilijaa. Kufikia la tatu, robota moja lilikuwa limepasuka na wapakiaji walikuwa wamevaa jezi zetu kwa sababu ya joto. Nikapita kama sikuona. Katibu nilimwandikia kwamba mzigo umezuiliwa bandarini.

"Pole sana ndugu yangu," akajibu. "Usijisumbue, tutajikaza."

Walijikaza kwa fulana za nyumbani, namba zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Katika picha aliyonitumia mvua ilikuwa imenyesha, na saba ya winga ilikuwa imechuruzika mpaka kwenye bukta. Walifungwa nne. Hapa ndipo penye aibu yangu kubwa, kuliko hata godauni: nilipoona matokeo, nilipata nafuu. Nikasema moyoni, hata wangevaa hariri, wangefungwa tu.

Kisha, polepole, wakaacha kufungwa. Kwanza mechi za sare, nyingi mpaka zinachosha. Halafu bao moja bila. Wale watoto waliota ndevu wakiwa pamoja, kila mmoja akijua mwenzake atakimbilia wapi bila kumtazama. Msimu wa sita walipanda daraja, na mimi nikaingia mgahawani mtaa wa Xiaobei nikinunulia watu chai.

"Si uliiacha zamani?" Mzanzibari akauliza.

"Utani ule, sheikh."

Hakucheka.

Wiki iliyofuata katibu alinipigia simu ya video. Kwao asubuhi, kwangu alasiri, niko godauni nasimamia mzigo. Nyuma yake kikosi kizima kilikuwa kimekaa kwenye nyasi.

"Kaka, kikao kimekuchagua uwe mlezi wa timu," alisema. "Tulipokuwa hatuna kitu, wewe ulihangaika na bandari kwa ajili yetu."

Vijana wakapiga makofi. Nilikuwa naanza kuwashukuru pale mzee wa godauni alipopita nyuma yangu akisukuma toroli. Kijani, imepauka. Mstari mweupe begani. Namba nne.

"Oya, Mchina kavaa jezi yetu!" mmoja akapiga kelele. "Beki nne huyo! Kocha, msajili!"

Wakaanguka kwa kicheko, wanapunga mikono, na yule mzee naye akapunga. Walidhani tumepata shabiki Uchina. Katibu peke yake hakucheka. Aliitazama ile jezi, akanitazama mimi.

"Mtandao unasumbua," alisema taratibu. "Tutaongea, kaka."

Alinipa mlango wa kutokea. Ningeweza kuutumia, lakini sikuutumia. Nilikaa juu ya robota la jinzi, nikafungua kundi la timu, nikabonyeza kurekodi. Nilisema yote: marobota sita, kidole cha mzee, uongo wa bandari, kwamba niliikana timu mbele ya wageni, na kwamba nafasi ya mlezi wampe mwingine.

Waliisikiliza rekodi hiyo, niliona alama zinageuka buluu moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeandika kitu siku hiyo, wala kesho yake.

Siku ya tatu katibu akaandika, si "kaka" wala "ndugu yangu": "Tumesikia. Mlezi tutatafuta. Mechi ya kwanza ni Jumamosi, kama bado unafuatilia."

Nikamjibu kwamba nafuatilia. Hakuandika zaidi, na mimi sikumwomba aongeze.